Portainer, Cockpit au Proxmox? Jibu kwa mwenye seva ndogo nyumbani na Windows ya duka

"Shkamoo mtaalamu. Niko Ngamiani hapa Tanga, nina fremu ya spea za pikipiki mbele ya nyumba. Ndani nina kompyuta ndogo ya Dell zile za maofisini, i5 ya kizazi cha 6, RAM 8GB, SSD 240GB na HDD ya 1TB. Nimeweka Ubuntu Server na Docker, ile ya kuendesha programu kama kontena, naendesha Nextcloud ya picha za familia na Jellyfin ya watoto kuangalia katuni. Zote ni komandi nilizokopi sehemu sehemu, nikisahau naanza kutafuta upya. Sasa kompyuta ya dukani yenye programu ya stoo na mauzo inakaribia kufa, ni Windows 10, nataka niihamishie ndani ya seva kama VM, yani kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta, kaunta ibaki laptop ndogo tu. Nataka kitu cha kufungua kwenye brauza nione kontena na VM, niwashe nizime. Mmoja kaniambia weka Portainer inamaliza yote, mwingine futa kila kitu weka Proxmox, mwingine Cockpit inatosha. Proxmox niliiona kwa jamaa ikaleta 'No valid subscription' nikajua ni ya kulipia, na brauza ikasema sio salama. Naogopa pia dashibodi ikigoma duka litasimama. Na fundi kasema lazima ninunue IP ya kudumu ndo niweze kuona nikiwa Muheza. Seva naiunganisha kwa Wi-Fi. Nishauri."

Marahaba mdogo wangu. Umeeleza mpaka RAM na diski, umenirahisishia sana, mana wengi wanauliza ipi nzuri bila kusema wana mashine gani. Nilivyokuelewa una vitu viwili vya nyumbani ambavyo vikizima watoto watanuna basi, na una kitu kimoja cha duka ambacho kikizima hujui umeuza nini na stoo imebaki nini, na vyote unataka vikae kwenye kiboksi kimoja uvione sehemu moja. Inawezekana, na mashine yako inatosha ikiongezwa kitu kimoja.

Jibu langu fupi ni hili: ongeza RAM ifike 16GB, weka Proxmox, yani mfumo wa kuendesha VM unaokaa badala ya Ubuntu yako, ndani yake tengeneza VM moja ya Linux itakayobeba kontena zako zote pamoja na dashibodi ndogo inaitwa Dockge, na VM ya pili iwe Windows ya duka. Kama hela ya RAM haipo kwa sasa baki na Ubuntu yako uongeze Cockpit, ukurasa wa kusimamia seva kwenye brauza, inafanya kazi ila nitakuonyesha inakuacha wapi. Portainer peke yake haikusaidii.

Tuanze na hiyo Portainer mana ndo wengi wanaambiwa. Ni programu nzuri, toleo la bure linatosha mtu wa nyumbani kabisa, lakini kazi yake ni kontena tu, Docker, Podman, Kubernetes na jamii hiyo. VM haiijui. Utazunguka menyu zote hutakuta kitufe cha kutengeneza Windows, kwaiyo aliyekwambia inamaliza yote nadhani yeye hana VM.

Na hapa ndo penye kiini cha swali lako. Kwenye kioo kontena na VM zinaonekana kama ndugu, zote zina jina na kitufe cha kuwasha na kuzima, ila chini huko ni vitu tofauti kabisa. Kontena ni programu ya kawaida ya Linux iliyozungushiwa ukuta, inatumia keneli ileile, yani kiini cha mfumo, ya Ubuntu yako, ndo mana Jellyfin inawaka ndani ya sekunde chache na inachukua RAM inayoihitaji tu. Windows haiwezi kukaa hivyo, yenyewe inataka keneli yake, diski yake, kadi yake ya mtandao, iamini iko peke yake kwenye kompyuta. Anayeipa hivyo vyote ni KVM, ambayo imo ndani ya keneli ya Linux tangu 2007, ikisaidiana na programu inaitwa QEMU na uwezo maalumu ulioko kwenye prosesa. Utakuta watu wanasema wana kontena ya Windows, na kweli ipo, ila ukiifungua ndani ni KVM hiyohiyo imefunikwa, kwa kujifunza sawa, kwa hesabu za duka sikushauri uongeze tabaka ambalo huliwezi kulirekebisha saa 2 asubuhi wateja wamesimama.

Sasa woga wako wa dashibodi kugoma. Dashibodi ni rimoti, betri zikiisha TV haizimiki. Portainer ikifa kontena zinaendelea, Cockpit ukiifunga VM zinaendelea, na ukurasa wa Proxmox ukigoma kufunguka Windows yako inaendelea kuuza spea kama kawaida mana anayeiendesha ni QEMU na KVM, ukurasa unatuma amri tu. Unairudisha kwa komandi moja ya kuwasha upya huduma ya pveproxy inayoleta huo ukurasa, na duka halijui kama kuna kitu kilitokea. Kwaiyo hilo lisikunyime usingizi.

La kukunyima usingizi ni RAM. VM ya Windows ukiipa 4GB inazishika kama zake. Nyaraka za Proxmox zenyewe zinataka karibu 2GB kwa ajili ya mfumo, afu Nextcloud na Jellyfin ndani ya VM ya Linux ukiziminya wape 2GB. Hesabu hapo imeshafika 8 na hamna nafasi ya kupumua, watoto wakifungua katuni inayohitaji kubadilishwa fomati huku simu ya mama yao inapandisha picha, RAM inaisha. Linux ikiishiwa RAM haikai kusubiri, inatafuta programu inayokula zaidi inaiua ili mfumo mzima usife. Na kwenye mashine yako inayokula zaidi ni ipi? Windows ya duka. Hutaona onyo lolote la Windows, itazimika kama umechomoa waya, katikati ya mauzo. Ndo mana nasema RAM kwanza, kabla hata hujagusa fleshi ya Proxmox. Fungua kava uangalie ni RAM za aina gani kabla ya kwenda kununua, mana hizo Dell ndogo nyingine zinachukua zile fupi za laptop na nyingine zinachukua ndefu.

Cockpit nayo niisemee haki yake mana watu wanaidharau. Inapatikana moja kwa moja kwenye Ubuntu kwa apt, unaifungua kwenye poti 9090 unaingia kwa jina na paswedi zako za Ubuntu, ukiongeza kifurushi cha cockpit-machines unapata ukurasa wa VM, unatengeneza, unawasha, unaona skrini ya Windows humohumo kwenye brauza. Kizuri zaidi haikai inakula RAM, inaamka ukiifungua na kulala ukiondoka. Na hufuti kitu chochote, Ubuntu yako na picha zako zinabaki palepale. Upungufu wake kwako ni viwili. Kwa upande wa kontena yenyewe imeegemea Podman, Docker ilishaachwa, kwaiyo kontena zako utaziendesha kwa dashibodi nyingine pembeni. Hilo dogo. Kubwa ni kwamba haina sehemu ya kupanga bekapu ya VM, kwamba kila siku saa fulani ichukue Windows nzima ikaiweke diski ya nje na ifute za zamani. Itabidi uandike skripti mwenyewe, na mtu anayeniambia kwamba komandi anasahau anatafuta upya simshauri aweke bekapu ya duka kwenye skripti.

Hapo kwenye bekapu ndipo Proxmox inaposhinda, kwangu mimi hiyo peke yake inatosha kuamua. Unaenda Datacenter, afu Backup, unachagua VM zipi, saa ngapi, diski gani, zibaki kopi ngapi, umemaliza. Inachukua VM ikiwa inawaka, duka halifungwi. Siku SSD ikifa unanunua nyingine, unaweka Proxmox upya, unachomeka diski ya nje, unabonyeza Restore na Windows inarudi na programu yake na mipangilio yake yote kama ilivyokuwa jana usiku. Ila usichanganye na snapshoti. Snapshoti inakaa kwenye SSD ileile, ni ya kurudi nyuma ukiharibu kitu kwa apdeti, SSD ikifa inakufa nayo. Bekapu iende kwenye diski nyingine, ile HDD ya nje ya USB inatosha. Afu uijaribu kuirudisha, usisubiri siku ya shida: irejeshe kwa namba nyingine ya VM, chomoa kadi yake ya mtandao kwenye mipangilio kabla ya kuiwasha isije ikagombana na ile ya kweli, iwashe, fungua programu ya stoo uone mauzo ya jana yapo. Yakiwepo ifute. Bekapu ambayo hujawahi kuirudisha bado hujui kama unayo.

Kuhusu kulipia: Proxmox inatengenezwa na kampuni iliyoko Vienna, Austria, toleo la kwanza lilitoka 2008, na ni programu huria, kila kitu kimo bure, hamna sehemu iliyofungwa. Wanachouza ni msaada wa kiufundi na hazina ya apdeti zilizopimwa zaidi kwa ajili ya makampuni. Hilo tangazo linakuja ukiingia, bonyeza OK uendelee. Kitakachokusumbua kweli ni kwamba ukishainstoli ukijaribu kuapdeti utapata kosa la 401, mana imeelekezwa kwenye hazina ya wanaolipa. Nenda kwenye jina la seva yako, Updates, afu Repositories, zizime zile zenye neno enterprise, ongeza ile inaitwa No-Subscription, apdeti zitashuka. Zipo skripti mtandaoni za kuondoa hilo tangazo na kufanya mambo mengine mia, unazikopi unazirusha kama root, yani mwenye mamlaka yote, mimi kwenye mashine inayoshika hela za watu sizirushi kama sijazisoma mstari kwa mstari.

Na onyo la brauza, hilo linatokana na kwamba Proxmox inajitengenezea cheti chake yenyewe na kujisainia. Brauza haimjui aliyesaini kwaiyo inalalamika, lakini mawasiliano yamesimbwa vilevile. Ukiwa ndani ya nyumba yako, umeandika mwenyewe https na IP ya seva yako na poti 8006, endelea tu. Onyo hilohilo likitokea kwenye ukurasa wa benki, hapo funga kabisa.

Sasa kuhamia, hapa nenda polepole. Kwenye Ubuntu yako ya sasa andika lscpu, tafuta mstari wa Virtualization, ukiona VT-x uko sawa, usipouona washa upya ubonyeze F2 uingie BIOS, mipangilio ya mashine yenyewe, kwenye Virtualization Support uiwashe. Toa data ya Nextcloud na faili zako za compose kama unazo, zile zenye maelezo ya kuwasha kontena za Docker, uzikopi kwenye diski ya nje. Afu kabla ya kuinstoli fungua kava uchomoe waya wa HDD ya 1TB. Nakwambia uchomoe kweli kwa mkono, mana Proxmox inafuta diski nzima unayoichagua, haikuulizi kama kuna picha za watoto, na kwenye orodha majina ya diski yanafanana, sda na sdb, saa 5 usiku macho yamechoka. Isiyochomekwa haifutiki. Ukimaliza, zima, irudishe, uikabidhi kwa VM ya Linux.

Wi-Fi ndo inabidi uache. VM za Proxmox zinatoka nje kupitia daraja la mtandao, yani kila VM inajitambulisha kwenye rauta kwa anwani yake yenyewe ya kadi, na Wi-Fi za kawaida zinakataa kifaa kimoja kupeleka anwani za vingine. Utahangaika siku nzima VM haipati IP ukidhani umekosea kitu. Vuta waya wa Cat5e au Cat6 kutoka kwenye rauta, mita 100 unafika bila tatizo, na kwa kuwa fremu iko mbele ya nyumba vuta na wa pili mpaka kaunta, utaniombea dua.

Kwenye kugawa diski, SSD yako ni 240GB, na kuna mtego. Proxmox kwa kawaida inatumia mgao mwembamba, maana yake ukiipa Windows 150 na Linux 150 itakubali bila kukataa ingawa jumla imezidi diski yenyewe, mana inahesabu kilichoandikwa tu. Siku nafasi ya kweli ikijaa VM zote mbili zinaanza kushindwa kuandika kwa pamoja, na hesabu za duka zinaharibika hapo. Ipe Windows 80, Linux 40, picha na katuni zikae HDD, na snapshoti ukishamaliza kazi nayo ifute.

Kuinstoli Windows kuna sehemu moja inayokwamisha watu wengi nikuonyeshe kabisa. Ukiwa unatengeneza VM chagua aina ya mfumo ni Windows, utaona kisanduku cha kuongeza sidii ya pili ya draiva za VirtIO, kiweke tiki na uipe ile ISO, yani faili ya sidii, inaitwa virtio-win. Diski iwe SCSI, mtandao uwe VirtIO, ndo zinazokimbia. Sasa Windows ikifika hatua ya kuchagua diski orodha itakuwa tupu kabisa, na watu wanadhani SSD imekufa. Haijafa, Windows haina draiva ya hiyo diski ya kuigiza. Bonyeza Load driver, fungua ile sidii ya pili, ingia folda vioscsi, ndani yake w10, ndani yake amd64, kubali, na diski inatokea palepale. Ukishaingia Windows rudi kwenye sidii hiyohiyo urushe virtio-win-guest-tools, inaleta draiva ya mtandao na zote zilizobaki pamoja na wakala wa QEMU, afu kwenye Options za VM uwashe QEMU Guest Agent. Huyo wakala ndo anayeiambia Windows itulize maandishi yake sekunde ile bekapu inapochukuliwa, kwa programu yenye hifadhidata ya mauzo ni muhimu.

Windows 10 iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, kwaiyo kama programu yako inakubali Windows nyingine muulize aliyekuuzia. Ikibidi ibaki 10, ifungie intaneti kwa firewall ya Proxmox, iongee na laptop ya kaunta tu. Muulize pia huyo muuzaji kuhusu leseni, nyingine zimefungwa kwa mashine ile ya zamani, nyingine zinatumia kidude cha USB, na hicho Proxmox inaweza kukikabidhi kwa VM. Leseni ya Windows nayo, ile iliyokuja na kompyuta ya zamani kwa kawaida haihami nayo. Na iwe Pro, mana Home haipokei Remote Desktop, na Remote Desktop ndo njia ya kufanyia kazi kaunta kila siku, hata printa ya risiti iliyochomekwa kwenye laptop inapita humo. Ile skrini ya ndani ya Proxmox ni ya kuinstolia na ya dharura, kuuzia nayo kutwa nzima utachoka.

Kwa kontena nimekuambia Dockge. Imetengenezwa na Louis Lam, inafunguka poti 5001. Naipenda kwa mtu kama wewe kwa sababu kila unachotengeneza inakiacha kama faili ya compose.yaml kwenye /opt/stacks, faili unayoweza kuifungua, kuikopi, kuiwasha kwa docker compose hata Dockge yenyewe isipokuwepo. Hayo ndo yatakuwa yale maandishi yako ya komandi unayosahau. Portainer inaweka za kwake ndani ya hifadhi yake, na zile ulizoanzisha nje inakwambia uwezo wake juu yake una mipaka. Ukishaizoea Portainer itumie, sio mbaya, ina mambo mengi zaidi. Yoyote utakayochagua jua kwamba unaikabidhi soketi ya Docker, mlango wa kuiamrisha Docker, na anayeshika hiyo soketi ameshika hiyo Linux yote, kwaiyo paswedi yake isiwe jina la mtoto.

Utasikia pia weka Docker ndani ya LXC, zile kontena za Proxmox yenyewe, unaokoa RAM. Unaokoa kweli, na watu wanafanya, lakini Proxmox wenyewe wanashauri Docker ikae ndani ya VM, mana apdeti ya mfumo inaweza kuvuruga kontena ndani ya kontena. Ukiwa na 16GB huna sababu ya kubana hapo.

Kuhusu Muheza, usinunue IP. Ingia kwenye rauta uangalie IP ya upande wa nje, ikiwa kati ya 100.64 na 100.127 basi mtandao umekuchanganya na wateja wengine nyuma ya IP moja, hata ukifungua poti kwenye rauta hakuna kitakachoingia. Na hata ungekuwa na IP yako, poti 8006 usiiweke wazi duniani, ni funguo za nyumba nzima. Weka Tailscale, njia ya siri ya kuunganisha vifaa vyako popote vilipo, imejengwa juu ya WireGuard, bure kwa matumizi binafsi, iweke kwenye Proxmox na kwenye simu yako, kila upande unatoka wenyewe kwenda kukutana kwaiyo hiyo IP ya kuchanganywa haikuzuii. Ukiwa Muheza unafungua simu unaona ukurasa wa Proxmox na VM zako kama uko sebuleni. Washa na uthibitisho wa hatua mbili kwenye Proxmox.

Umeme wa kwetu unaujua. UPS ni lazima, hata ndogo, mana hifadhidata ikikatiwa katikati ya kuandika ndo inavyooza, na zile zenye waya wa USB unaweza kuziunganisha na programu inaitwa NUT ili seva ijizime kistaarabu betri ikibaki kidogo. Kwenye BIOS ya Dell tafuta AC Recovery uiweke Power On, na kwenye kila VM uwashe Start at boot, umeme ukirudi duka linaamka bila wewe kugusa. Na isikae chini wala karibu na dirisha, chumvi ya upepo wa bahari inakula soketi za RAM taratibu.

Nyingine kwa haraka. CasaOS ni nzuri kwa macho lakini VM si kazi yake. TrueNAS ni ya mwenye diski nyingi. Unraid ni ya kulipia. Incus inabeba kontena na VM vizuri, ila inamfaa aliyezoea komandi. ESXi ya VMware toleo la bure liliondolewa Februari 2024 likarudishwa Aprili 2025, mimi duka la mtu sijengi juu ya kitu cha namna hiyo.

Mahali pa kuita mtu aje kwa miguu yake: kama HDD inatoa mlio wa tik tik, zima sasa hivi, usijaribu kukopi mwenyewe, mpelekee anayeokoa data. Kama ukigusa kava la kompyuta unapigwa shoti kidogo, huyo ni fundi umeme, waya wa ardhi (earth) wa nyumba yako haupo sawa, usiongeze kifaa kabla. Na kama mauzo ya duka hayana kopi popote zaidi ya ile mashine inayokufa, kabla ya yote haya mwite mtu akutolee hiyo data wewe ukiangalia. Kumjua anayefaa mwambie akuonyeshe anavyorudisha bekapu, asikueleze, akuonyeshe.

Kompyuta ya zamani ya dukani ukishahama usiiuze wala kuifuta. Iache pembeni, mwezi mzima wa kwanza jioni linganisha mauzo ya VM na daftari, chukua risiti mbili tatu uzitafute kwenye stoo. Ukikwama kwenye ile hatua ya VirtIO nitumie picha ya skrini.